Usipande Mlimani

Mabira,
S.L.P. 14,
Karagwe.
9 Novemba 1989

Mpendwa mdogo wangu Immaculata,

Marahaba. Shikamoo yako niliikuta juu kabisa ya barua yako ya tarehe 20 Oktoba, iliyonifikia Jumamosi ndani ya mkoba wa katekista. Natumaini mgongo uliokusumbua kwa zamu za wodi ya wazazi umetulia, na kwamba shemeji na watoto wote hapo Mwanza ni wazima. Huku mvua imekuja kwa wakati wake, migomba imenyanyuka, na kahawa inaonyesha maua ya kutia moyo. Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine utayasoma.

Uliniuliza swali moja tu na ukalipigia mstari mara mbili: daktari alimwambia nini hasa ndugu yetu Twagirayezu, hata akaenda Muhabura akiwa na moyo ule? Nitakujibu. Ila unanijua, siwezi kufika kwenye jibu bila kupita njia yote. Nivumilie kama walivyonivumilia wanafunzi wangu.

Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama tulipotoka Rwanda kwa njaa ile ya mwaka arobaini na tatu, kwa hiyo hukumbuki. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye saba. Asubuhi ya kwanza baada ya kuvuka Kagera, mvua ikiwa imetoka kunyesha, baba alitugeuza tutazame tulikotoka. Muhabura ulikuwa kule mbali, mdogo, wa buluu, umechongoka. Baba akasema aliyesimama juu yake huona kila mahali alipowahi kulala. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye njaa anayetaka watoto wake waendelee kutembea. Mimi niliyasahau kabla ya jioni. Twagirayezu hakuyasahau. Alipopewa ardhi hapa Mabira alichagua mteremko mkali ambao wenzake waliukataa, kwa sababu ukisimama kwenye shamba lake la maharage kule juu, siku ya anga safi, mlima ule unaonekana. Kila mwaka alisema kiangazi kijacho atakwenda kuupanda. Kila kiangazi shamba lilimshika mguu.

Mwishoni mwa mwaka jana alianza kuchoka. Akawa analala ameketi, ameegemea gunia la maganda ya kahawa, na jioni miguu yake ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Wewe muuguzi unajua maana yake kuliko mimi. Januari nikampeleka hospitali ya misheni.

Sasa sikiliza kilichotokea kwenye dirisha la kuandikisha, maana kina uzito. Karani alimuuliza anasumbuliwa na nini, naye akajibu, mimi nauma moyo. Nikamsahihisha palepale, kwa sauti niliyoizoea darasani, kwamba aseme naumwa. Akisema nauma, maana yake anaung'ata. Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja akamwambia mzee akimaliza moyo asije akahamia kwake. Twagirayezu hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia kwa Kinyarwanda kwamba nimekuwa nikimfuta mdomo kwa miaka arobaini kama mtoto aliyekula uji, kwamba Kiswahili chake kimemnunulia ng'ombe na kumwozeshea binti, na kwamba ana ombi moja: ndani kwa daktari nifunge mdomo. Nikamwahidi.

Daktari alikuwa kijana wa pwani, mpole, mwenye Kiswahili chepesi cha haraka. Alimpima mbele na nyuma, akamwandikia vidonge vya kupunguza maji, akamwambia aache chumvi. Mwishoni, akiwa tayari anamwita mgonjwa mwingine, akasema, na mzee, usipande mlimani tena. Twagirayezu akaitikia kwamba amesikia na atatii.

Nje alinieleza kwa huzuni kwamba amekatazwa shamba la juu.

Alitii, Immaculata. Sijaona mgonjwa aliyetii vile. Chumvi aliiacha hata Pasaka. Mbegu zake za maharage aliwagawia majirani. Machi, watu wote wakiwa mashambani, yeye aliketi uani akiwatania wapita njia kwamba wao waendelee kuinama, yeye ana amri ya serikali ya kukaa. Uvimbe ulipungua, akawa analala chali. Ndipo Mei akatangaza mbele ya mkewe na mbele yangu kwamba kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima kiangazi kinamkuta mikono mitupu. Mungu amempa nafasi kwa mdomo wa daktari. Atakwenda Muhabura.

Wifi yako Nyirabageni aliuliza kama moyo utakubali. Akajibiwa kwamba daktari alikataza jambo moja na jambo hilo limeachwa. Basi akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa chumbani kwa daktari na ni mtu wa vitabu, akaniuliza ninaonaje. Nikamwambia tutakwenda polepole.

Tulivuka mpaka wa Uganda pale Murongo mwezi Julai, tukapanda lori la ndizi hadi Mbarara, tukalala Kabale, siku ya tatu tukawa Kisoro. Mlima ukiuona kwa karibu hauna ubuluu wowote. Ni mweusi, unaanza ghafla nyuma ya mashamba ya viazi, na kichwa chake hukioni kwa wingu. Tulimpata kiongozi, Mfumbira, mwenyeji wa hapo Kisoro, aitwaye Melkiory, mtu wa maneno machache aliyekuwa na kidole gumba kimoja tu. Alimtazama ndugu yetu miguuni, akauliza kwa nini mzee havai viatu vya kamba. Ilikuwa ni kwa sababu havikuingia tena.

Niliwafundisha watoto miaka ishirini na tisa kwamba Muhabura una mita elfu nne mia moja na ushee, na kwamba kadiri unavyokwenda juu hewa inapungua. Sikujua kupungua kwa hewa kunasikikaje. Kunasikika kama mtu anayekata mbao kwa msumeno butu, na mtu huyo alikuwa nyuma yangu. Saa tatu asubuhi alikuwa akitembea hatua ishirini na kusimama. Saa tano hatua kumi. Tulipita nyasi ndefu, kisha vichaka vilivyoning'iniza ndevu za kijivu, kisha mimea ya ajabu iliyosimama mmoja mmoja kama watu wanaosubiri kuitwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Melkiory alinishika mkono akaniambia kwamba amewahi kumteremsha mtu mwenye midomo ya namna ile, na kwamba alimteremsha amemfunga kwenye fito mbili. Nilipomwambia Twagirayezu tugeuke, alicheka kwa pumzi aliyokuwa nayo, akaniambia nikirudi nikawafundishe watoto kwamba mlima una mita elfu nne mia moja ukiondoa zile nilizoogopa.

Saa nane alifika. Nisikufiche, alifika akitambaa. Juu kuna kibwawa kidogo cha maji baridi, na ukungu pande zote. Aliketi ukingoni akielekea mashariki, huku kwetu, akasubiri karibu saa nzima, na Melkiory akitazama jua, maana kuteremka gizani kule ni kufa. Kisha wingu likafunguka kidogo. Kwa mbali ulionekana mgongo wa vilima vya kahawia, na yeye akanyoosha kidole akasema ile ni Mabira, na pale panapong'aa ni bati la nyumba yake. Vilikuwa vilima vya Ankole, Immaculata. Mabira iko mbali zaidi na vumbi la Julai lilikuwa limeifunika yote. Nikamwambia ndiyo, naliona bati. Alilia, kisha akaosha uso kwa maji yale, tukaanza kushuka.

Alishuka kwa miguu yake hadi katikati, na kuanzia hapo Melkiory na mwenzake walimbeba. Nyumbani alipokewa kwa vigelegele. Wiki mbili baadaye uvimbe ulirudi, safari hii hadi mapajani, na usiku akawa anakohoa povu. Hospitali alikataa, akasema dawa anazo na masharti anayashika, kwa hiyo lazima kuna mtu anayeyavunja.

Mtu huyo alimpata wiki iliyopita. Nyirabageni alimpikia majani ya maharage, akauliza yametoka wapi, na yule mama hajui kudanganya. Alikiri kwamba Machi alipanda kipande kidogo upande wa pili wa kilima, usioonekana kutoka nyumbani, kwa kuwa nyumba haiwezi kuishi bila maharage, na kwamba Septemba amepanda tena. Twagirayezu akahesabu kwa vidole: mke alipanda mlimani kwa siri, na mume akaanza kuoza. Akasema analala na mtu anayemchimbia kaburi kwa jembe la maharage.

Jumapili wazee wa jumuiya walikutana nyumbani kwake. Walisema kosa si maharage, kosa ni kumvunjia mgonjwa amri ya daktari. Nyirabageni alipiga magoti mbele ya mumewe, akaomba radhi, akaambiwa akae kwanza kwa ndugu zake Nyakasimbi mpaka mgonjwa apate nafuu. Aliondoka Jumanne na kikapu kimoja. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, muhtasari wa kikao hicho niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, na kuusoma mbele ya wote.

Sasa nimefika kwenye swali lako.

Daktari alisema, usipande mlimani. Kwa Kinyambo cha hapa Karagwe kupanda mbegu ni kubyara na kupanda kilima ni kutemba, huwezi kuchanganya. Kwa Kiswahili neno ni moja, na mkulima mwenye shamba juu ya kilima akiambiwa usipande mlimani, atasikia nini? Alisikia mbegu. Mimi nilisikia alichosema daktari. Nilikisikia palepale, kitini, kabla neno halijapoa, na nikaona kwa jinsi ndugu yetu alivyoitikia kwamba hakukielewa. Mdomo wangu ulianza kufunguka. Nikakumbuka dirishani, nikaufunga. Nilijiambia, amenitaka ninyamaze, acha aonje kunyamaza kwangu. Nilikuwa nimekasirika, Immaculata, na nilikuwa na miaka hamsini na sita.

Lakini hasira iliisha tukiwa bado njiani kurudi, kwa hiyo isikuelezee miezi iliyofuata. Mei, Nyirabageni aliponiuliza ninaonaje, sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa nimeuchora mlima ule ubaoni miaka ishirini na tisa na sijawahi kuugusa. Peke yangu nisingethubutu kwenda. Ningesema neno moja, safari ingekufa. Nilitaka kwenda. Hilo ndilo jibu la swali lako, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kulisikia kabla ya jana.

Jana nilikwenda kumweleza. Nilimweleza yote, taratibu, kwa Kinyarwanda, neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Akasema Mwalimu sasa anasahihisha hata Kiswahili cha daktari wa pwani. Akasema kama ni kweli alikatazwa kupanda milima, Muhabura ungemuua, na yeye aliufika juu na kurudi, nami nilikuwa shahidi. Nilipozidi kusema, alidhani namtetea Nyirabageni, akaniambia upole wangu kwa shemeji unajulikana.

Na lililo baya zaidi ni hili. Ameamua kwamba atapona maharage yale yakitoka ardhini, na kwamba lazima ayang'oe aliyekatazwa, kwa mikono yake. Nilijitolea kuyang'oa mimi; akasema walimu huacha mizizi. Tangu Jumanne anakwenda kule juu kila asubuhi kwa fimbo, anang'oa tuta moja au mawili, anarudi jioni amekuwa wa rangi ya majivu, na anasema anajisikia nafuu. Nimehesabu matuta yaliyobaki. Yapo kumi na moja.

Omba ruhusa, mdogo wangu, upande meli ya kwanza ya Bukoba. Njoo umevaa sare yako ya wodini, umshike mshipa kwanza na umwambie ukiwa umeushika, maana mimi neno langu kwake limekwisha. Ukipita Nyakasimbi, mchukue wifi yako. Ukishamaliza na mgonjwa, mweleze Nyirabageni niliyokuandikia, nami nikiwepo. Muhtasari nimeuandika upya na nitausoma Jumapili kanisani, hata usipofika.

Ninaandika nikiwa barazani, saa nne asubuhi. Yuko njiani kwenda juu. Kutoka hapa ninamwona vizuri, shati lile jeupe la safari. Tangu nianze ukurasa huu amesimama mara tano. Sasa ameketi chini, uso ameuelekeza mlimani, na fimbo imemtoka mkononi ikabiringika hadi njiani. Ninafunga barua ili niende.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie namsalimu kwa heshima.

Kaka yako,
Anastazi Mbonimpa