Bwana Kioo na Sikio Langu la Kushoto

Temeke, Dar es Salaam
Juma la pili baada ya Pasaka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kiwe kimekuachia. Mama naye namwamkia; mwambie magauni aliyowashonea watoto yamewaenea vizuri. Huku mimi, mume wangu na watoto wote wawili tu wazima, na neno hilo leo naliandika kwa shukrani, kwa sababu mwezi uliopita nilikaribia kufa. Nilimkataza mume wangu asikupelekee simu ya maandishi, maana nilijua ungefunga safari hali unaumwa. Nisamehe kwa hilo. Sasa yamekwisha, nakusimulia yote.

Unalijua sikio langu la kushoto, lile lililokuwa likitoa usaha tangu utoto. Kwa miaka mingi lilitulia, nikawa nafundisha darasa la kwanza hapa Temeke, nikisimama mahali ambapo watoto wote watakuwa upande wangu wa kulia, na hakuna aliyegundua kitu. Halafu mvua zilipoanza, likauma. Siku ya tatu nyuma ya sikio palivimba hata sikio lenyewe likasukumwa mbele. Nilipogeuka kuandika ubaoni, ukuta mzima ukazunguka. Nilianguka mbele ya wanafunzi wangu.

Mume wangu alikuwa kazini bandarini. Aliyekuja kunichukua ni jirani yetu Mzee Salim, Mwarabu mwenye duka karibu na shule. Nililia, nikakataa hospitali. Nilikuwa nimesikia kwamba huko ukichongwa mfupa wa sikio unatoka na mdomo umepinda, au hutoki kabisa. Mzee Salim akavua kofia yake, akanigeuzia kichwa. Nyuma ya sikio lake palikuwa na kovu lililobonyea ndani.

"Tazama, mwalimu," akasema. "Mie nilichongwa zamani, wadi ya masikio haijajengwa. Mdomo wangu umepinda?"

"Hapana."

"Basi twende kwa Bwana Kioo."

Hilo ndilo jina watu walilompa daktari Mwingereza wa masikio, kwa sababu ya kioo cha duara anachojifunga kipajini ili mwanga uingie ndani ya sikio. Tukiwa garini Mzee Salim alinisimulia habari zake, nadhani ili nisifikirie maumivu. Daktari huyo alipofika hapakuwa na mtu wa kushughulikia masikio. Mtu akivimba kama nilivyovimba mimi alikufa, na watu wakasema karogwa. Alipewa chumba cha kuwekea mablanketi, akakifanya chumba cha kupasulia. Vyombo vyake vilipochelewa melini, alikwenda kwa sonara, akamchorea patasi na vijiko vidogo, naye akamfulia. Kila Jumamosi alikuja Temeke, akakaa barazani kwa Mzee Salim kutazama masikio ya yeyote aliyekubali. Mwanzoni walikubali wachache, maana ilivuma kwamba mzungu huyo ananunua vichwa vya mbuzi kwa ajili ya uchawi.

"Nikamfuata kwake nijionee," Mzee Salim akasema. "Nikamkuta mezani, kichwa cha mbuzi mbele yake, anachonga mfupa wa sikio polepole. Anajifunza. Nikasema moyoni, mtu anayejisumbua hivi kwa mbuzi aliyekwisha kufa, mimi niliye hai hatanichezea."

Hospitalini nilichomwa sindano siku mbili, uvimbe haukushuka. Ndipo Bwana Kioo akaja kitandani kwangu, mzee mrefu mwenye mvi, pamoja na mwenzake, Mwafrika aitwaye Daktari Yohana. Akanieleza kwa Kiswahili kizuri kwamba usaha umeingia kwenye mfupa, na ukiachwa utafika kwenye ubongo. Akasema nitapasuliwa kesho yake asubuhi, na atakayepasua ni Daktari Yohana.

Baba, nilikosa adabu. Nilimwambia, "Mimi nimekuja kwako, si kwake."

Hakukasirika. Alinyoosha mikono yake niione. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kupinda.

"Ilikuwa mikono mizuri," akasema. "Sasa asubuhi siwezi hata kufunga vifungo vya shati. Ndani ya mfupa huo unapita mshipa unaoendesha uso wako, mwembamba kama uzi. Mtu mwenye mikono hii nisingemruhusu amguse mke wangu."

Nikamgeukia Daktari Yohana. "Wewe umeshawahi?"

"Mara nyingi, mwalimu. Nilikuwa mfunga vidonda wadini kwake miaka sita, ndipo akanipigania nipelekwe Uganda kusomea udaktari. Na kila nikifikia mshipa huo naogopa. Kwa hiyo huwa nakwenda polepole."

Sijui kwa nini, lakini kusikia kwamba anaogopa ndiko kulikonituliza. Nikamwambia mume wangu, aliyekuwa kando ya kitanda, atie sahihi karatasi ya kukubali upasuaji.

Nilipozinduka kichwa kilikuwa kimefungwa bandeji nzito, na Daktari Yohana ameniinamia. "Fumba macho," akasema. Nikafumba. "Sasa cheka." Sikuwa na la kuchekea, lakini nilijaribu. Akatazama upande mmoja wa mdomo wangu, kisha wa pili, akashusha pumzi. Bwana Kioo, aliyekuwa amesimama nyuma yake muda wote wa upasuaji bila kugusa kitu, akaketi juu ya kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu na kuomba chai. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote hakuwahi kumwona ameketi wadini.

Akiwa anakunywa chai yake akaniuliza ni nani aliyekuwa akinisafisha sikio utotoni. Nikasema ni baba yangu, kwa pamba na maji ya chumvi, kila siku kabla sijakwenda shule. Nilihofu atakulaumu.

"Maji aliyachemsha?"

"Aliyachemsha, akayaacha yapoe."

"Basi mwandikie kwamba yeye ndiye daktari wako wa kwanza. Sisi tumemalizia."

Nakuandikia, Baba, kama nilivyotumwa. Najua umekuwa ukijilaumu kwamba hukunipeleka mbali kutibiwa. Usijilaumu tena. Sikio halisikii kama la kulia, wala sikuahidiwa hivyo, lakini limekauka kabisa na kichwa hakizunguki. Jumatatu nimerudi darasani.

Bwana Kioo anastaafu, anarudi kwao. Jumamosi iliyopita ilikuwa ya mwisho kwake hapa Temeke, nikaenda barazani kwa Mzee Salim kumshukuru. Nilidhani kutakuwa na hotuba. Nilikuta foleni ya watu kama kawaida, Daktari Yohana amefunga kioo kipajini, na Bwana Kioo ameketi kwenye kiti kidogo pembeni, anaandika majina ya wagonjwa kwa ile mikono yake. Bibi mmoja alikataa kutazamwa na yeyote ila yeye.

"Mama, mimi leo karani tu," Bwana Kioo akamwambia. "Daktari ni yule pale."

Bibi akamtazama, akamtazama na Daktari Yohana, kisha akaenda kukaa mbele yake na kumgeuzia sikio. Nilimpa Bwana Kioo mayai niliyokuja nayo. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinipotea, nikasema asante tu, naye akaniuliza jina langu linaandikwaje.

Nisalimie kaka yangu na shemeji, mchungaji wetu, na mjomba wako, kama bado anabishana nawe juu ya mpaka wa shamba. Shangazi mpe salamu za peke yake. Mama aliniandikia kwamba binti mdogo wa shangazi sasa naye anatoa usaha sikioni, na kwamba wanangojea akue aache. Wasingojee. Waambie waje naye likizo hii. Nauli ya kurudi tutaitoa sisi. Nitamwomba ruhusa mwalimu mkuu, nimpeleke mwenyewe kwa Daktari Yohana, nikae naye mpaka amalize kumtazama.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Nakijwa