Unga wa Mifupa wa Rozi

Alhamisi, 4 Agosti 1994. Olasiti.
Miezi minane tangu nitoke Kondoa. Nimekata majani, nimefagia banda. Mgongo unauma. Rozi, ng'ombe ninayemtunza, yuko siku za mwisho za mimba. Mama Ndeshi, mwenye ng'ombe, amesema akizaa salama niende kwetu mwisho wa mwezi. Aliniachia unga wa mifupa wenye chokaa, nimpe akishazaa tu. Mimi nampa tangu Juni, viganja viwili kila siku. Bahati, ng'ombe wa pili mwenye mimba, naye nampa. Kwetu ng'ombe mwenye mimba hutafuna mifupa malishoni na huzaa vizuri. Mama Ndeshi sijamwambia.

Jumatatu, 8 Agosti
Rozi amezaa ndama jike. Maziwa ndoo nzima. Jioni miguu ya nyuma inamtetemeka. Sipendi.

Jumanne, 9 Agosti
Hainuki. Masikio ya baridi. Shingo ameikunja ubavuni. Bwana mifugo wa serikali haji tena kama zamani. Tumemwita wa duka la dawa za mifugo, akafika saa nane, akamtundikia chupa ya kalsiamu, ndiyo chokaa. Akauliza alikuwa anakula nini. Nikasema kweli.

Niliishia darasa la tano, lakini alivyonieleza nilielewa. Shingoni kuna tezi. Zinatuma homoni kwenye damu ikatoe chokaa mifupani. Homoni hiyo haikai. Ini na figo huiondoa kwa dakika chache, kwa hiyo tezi lazima zitume tena na tena. Damu ikijaa chokaa tezi hulala, na homoni kidogo iliyobaki inaondolewa. Maziwa yalipokuja kukomba chokaa, hapakuwa na homoni ya kutoa nyingine mifupani.

Mama Ndeshi akasema, "Hamisi, ulikuwa unampaka chokaa tumboni kama ukuta wa kanisa?"
"Nisamehe, mama."

Jumatano, 10 Agosti
Asubuhi alisimama, akanywa maji. Mchana akaanguka tena. Chupa ya pili haikufika nusu. Amekufa. Nimemuua mimi.

Jumapili, 14 Agosti
Ndama anakunywa maziwa ya jirani. Mama hajanifukuza. Amesema, "Kaa na Bahati. Ukimuua na huyu, usinisalimie tena."

Bahati anazaa mwezi ujao. Unga nimeuacha tangu Jumanne. Yule wa duka la dawa anasema tezi zake huenda zikaamka mapema, huenda zikachelewa. Kila asubuhi namshika masikio. Leo yana joto.

Nimemwandikia mke wangu asinitazamie mwisho wa mwezi. Nitarudi Bahati akishazaa, nikimwona siku tatu amesimama.