Tangazo Kutoka Ng'ambo ya Ziwa

Tosamaganga, Iringa
4 Mei 2025

Mdogo wangu Verediana,

Kamwene! Hujambo huko Rujewa na joto lenu na mbu wenu? Mashine ya kukoboa mpunga imepona au bado mnabishana na fundi? Huku baridi imeshaanza kung'ata. Wifi yako Veneranda ni mzima, ila amenuna. Nimechukua waya wake wa kuanikia nguo nikauunganisha na wangu, nikaupitisha kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine uwe antena ya redio yangu. Anasema yeye hakuolewa na redio.

Cheka tu. Wenzangu wakistaafu wanafuga nguruwe, mimi natafuta vituo vya redio vya mbali. FM haina raha, hiyo kila mtu anaipata. Mimi nataka masafa ya kati, ambapo jua likizama sauti inaruka milima na maziwa mpaka inanifikia mimi hapa. Tangu umeme uingie kijijini redio inavuma kama mzinga wa nyuki, kwa hiyo ukikatika watu wanalalamika, mimi nashangilia. Hata simu yetu naizima, maana nayo inaleta makelele.

Basi mwezi uliopita umeme ulikatika magharibi, nikanasa kituo cha Malawi! Kinakuja, kinazama, kinarudi. Redio hii inarekodi yenyewe kwenye memori kadi. Mtangazaji anasoma kitu kirefu kwa Kichewa, anataja Tanzania mara mbili. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu. Sasa ukitaka wakutumie kadi ya kuthibitisha kwamba umewapata, lazima uwaandikie walikuwa wanasema nini. Mimi Kichewa sijui hata salamu. Wewe uliuza mchele mpakani Kasumulu na marehemu shemeji Gwakisa, unakijua. Memori kadi nimempa kondakta pamoja na barua hii. Nitafsirie sentensi mbili tatu tu.

Mpwa wangu Saulo ameshapiga simu kutoka Sauzi? Usiwaze sana. Yupo na mwenzake Mwigulu, na vijana wakipata kazi husahau nyumbani.

Kaka yako,
Ambrosi


Rujewa, Mbeya
8 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimekupigia mpaka nimechoka, hupatikani, ndiyo maana naandika. Unisamehe mwandiko.

Kaka, ulikuwa unasikiliza nini? Hicho ulichokipigia makofi ni tangazo la kifo.

Niliweka kadi yako kwenye redio ya mashineni, wanawake wakiwa wanapepeta mchele. Nikawaambia ngojeni tumsikie kaka yangu na wazimu wake. Roza, jirani yangu, mama yake Mwigulu, alikuwa pembeni yangu. Nikaanza kuwatafsiria huku nacheka: hospitali moja inatangaza, kuna mwili wa kijana wa Tanzania, aliletwa akiwa mahututi, hana ndugu, amekutwa na kitambulisho cha Tanzania. Halafu likaja jina. Saulo Gwakisa. Sauti ikazama, ikarudi: ndugu wasipojitokeza atazikwa na serikali.

Mwanangu, kaka! Nimemtangaza mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele za watu, nikiwa nacheka. Mpaka sasa chozi halijatoka, najishangaa. Aliyepiga yowe ni Roza.

Na unasema ulinasa mwezi uliopita! Huenda wameshamzika. Mimi lazima niende, hata kaburi nilione, maana nisipoona sitaamini. Natangulia Kasumulu kwa wifi yangu Tumpe nikatafute karatasi za kuvuka mpaka. Ukijibu, tuma huko.

Mdogo wako,
Verediana


Tosamaganga, Iringa
10 Mei 2025

Verediana, mdogo wangu,

Pole. Pole sana, mama. Salamu nyingine sina. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama barabarani. Kondakta akaniuliza, "Mzee, vipi tena?" Nikaikunja barua, nikageuka kurudi nyumbani.

Jina lake lilipita masikioni mwangu nisilisikie! Nilikuwa nasubiri wataje jina la kituo. Alipotamka Saulo nadhani nilikuwa nageuzageuza redio kupunguza mvumo. Mtoto niliyembeba mgongoni, Verediana! Usinijibu kwamba si kosa langu, nitakasirika. Waya bado uko juu, sitaki hata kuutazama.

Veneranda ameshafika kwako na simu ameondoka nayo. Jana alipiga kwa jirani. Anasema nyumba imejaa, na anayeendesha kila kitu ni Roza. Ametoa viti sebuleni, ametandika mikeka, anapika, anapokea watu, usiku analala chini na waombolezaji. Mumewe, Budeba, ametoa ng'ombe. Kila anayeingia Roza anamwambia, "Msiseme Verediana hana mtu. Mwigulu wangu aliondoka naye, akirudi atatueleza ilivyokuwa." Una jirani, mdogo wangu. Mshukuru Mungu kwa hilo.

Kaka yako,
Ambrosi


Kasumulu
17 Mei 2025

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Nimerudi upande wetu leo mchana. Nimekuta barua yako kwa Tumpe. Simu ninayo na ina chaji, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Tafadhali kaa chini ndipo usome.

Walishamzika. Mhudumu wa hospitali alinipeleka makaburini, nikaona kibao cha mbao chenye jina la Saulo. Nikapiga magoti, nikashika udongo, machozi yakatoka kwa mara ya kwanza. Ndipo yule mhudumu akaniambia walimpiga picha kabla ya kumzika, kama naweza kuitazama. Nikasema naweza.

Si Saulo, kaka. Ni Mwigulu.

Mtoto yule amekula kwangu tangu anaanza shule, sura yake siwezi kuikosea. Kitambulisho kweli ni cha Saulo. Cha Mwigulu kilikuwa hakijatoka walipoondoka, nadhani mwanangu alimwachia chake ili apite mpakani. Saulo yuko wapi, hakuna anayejua. Waliomleta Mwigulu walisema alikuwa peke yake.

Sasa nikuambie nilichofanya. Nilipiga vigelegele. Palepale makaburini, kaka, nikarukaruka, mpaka yule mhudumu akarudi nyuma akidhani nimerukwa na akili. Nikasema asante Mungu, asante Mungu, na mtoto wa Roza yuko miguuni pangu. Nilipozinduka nilikaa chini, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Roza ananipigia tangu nivuke mpaka. Nimepokea mara moja tu. Akaniuliza, "Umemwona?" Nikasema nimemwona. Akalia. Akaniambia nisiogope, niingie nyumbani kama nilivyo, amenitengea kitenge cha kuvaa, na nikifika atawanyamazisha wanawake wote ili nisishtuke. Habari za Mwigulu hakuniuliza. Nadhani anaona vibaya kuulizia mtoto wake aliye hai katikati ya msiba wangu.

Keshokutwa nitashuka stendi ya Rujewa. Njoo, kaka, nitakusubiri hapo hapo. Bila wewe siingii ndani, kwa sababu Roza ndiye atakayenifungulia mlango.

Mdogo wako,
Verediana