Jezi Zilizorudi Safi

Guangzhou, Jumapili

Ulikuwa wapi, bibi wewe? Mwezi mzima hujaandika humu daftarini mwako, kama vile herufi ulizojifunzia kwenye marobota ya soko la mtaa wa Guangyuan Xilu ni za kuandikia majina ya wateja tu.

Leo ilikuwa ichezwe fainali ya mpira. Timu yetu ya wafanyabiashara Waafrika haijafungwa msimu mzima. Asubuhi waandaaji wakasema kombe wapewe wale wengine bila mechi, maana wageni wakubwa wanakuja na mwenye uwanja hataki Waafrika wajae pale. Mechi zote za nyuma tulijaa palepale.

Mjukuu wangu Shomari, nahodha, akaniletea mfuko wa jezi. Nimezoea kuzipokea zikinuka jasho. Leo zimekunjwa vilevile nilivyozikunja mimi.

"Zitie kwenye robota la Dar, bibi. Sichezi tena."

"Robota langu la viatu, halibebi woga."

Hakucheka. Hilo limeniuma kuliko kombe.

Nimezifua hivyo hivyo, safi juu ya safi, nikazianika. Mwenye uwanja nimemlaani. Msamaha nitaomba kwenye sala ya alfajiri, nikiweza.

Ukirudi kwenye daftari hili, bibi wewe, tazama kamba kwanza. Ukikuta jezi bado zinaning'inia, usiandike neno. Nenda kamgongee Shomari mlango mpaka atoke.