Masika alilia matanga na waya mu meno

Bon, yaya, dada yangu mukubwa, nilikatia barua wapi? Ule papa mwenye anauzishaka maharagi aliniharakisha, moteur ya ndege yake ya Butembo ilikuwa inawaka, nikamupa barua nusu. Muko bazima kweli? Mugongo yako inakuachaka ulale? Siye tuko, Mungu anatuchunga, ila binti yangu Masika bado iko mu hopitali.

Donc, ukuta ilimuangukia siku ya mabombe, taya ikavunjika. Docteur akafunga meno ya juu na ya chini pamoja na waya, akasema, "Usifungue kinywa mupaka mufupa ishikane." Supu anakunywa na kamupira ka kunyonyea, kenye kanapita pa nafasi ya jino yenye ilianguka. Nikamuchokoza: "Bwana yako akirudi toka Opala atakuta muke mwenye hajibu, atasema vita imemuletea faida!" Akacheka na pua.

Alors mama ya bwana yake akakufa. Unajua batu ya Yanonge, kwao na bwana yake: muke ya mutoto ya marehemu ndiye anaanzisha kilio. Asipolia kwa nguvu, banasema ni yeye aliroga. Tukamutosha hopitali siku moja, nikafika naye pa matanga, nikasimama mbele ya bamama: "Meno imefungwa kama mulango na kadenasi, mumuache!" Dada ya bwana yake akanijibu, "Kinywa anafunga hivyo, anaogopa nini itoke?"

Yaya, Masika alimupendaka ule mama. Kusikia ile neno, akatupa kichwa nyuma, akalia. Kilio moja tu. Waya ikakatika, damu ikajaa kitambaa. Tukamurudisha hopitali mbio.

Sasa taya imehama tena, usaha inatoka mu bufizi, harufu unaisikia tangu mulangoni. Docteur anasema njia iko mbili. Moja, kungoa meno yenye imeoza, kusafisha, kufunga tena na waya. Lakini mufupa ikioza, kinywa itakazana, haitafunguka maisha yote. Ya pili, kupasula chini ya taya, kutosha inje kipande ya mufupa yenye imekufa, kutoboa mufupa na kuishona na waya kule ndani. Bulaya banatiaka kachuma na visi, misumari ya kuzungusha; huku, na hii vita, kachuma itatoka wapi? Na anaweza kuamuka mudomo ya chini haisikii kitu tena.

Bwana yake iko Opala, njia imekatwa, jibu iko kwangu. Nikamuuliza Masika mwenyewe: "Docteur afunge ao apasule?" Akakamata kidole yangu, akaipitisha chini ya taya yake, polepole, toka sikio mupaka kidevu.

Nikaambia docteur: pasula.

Tunangoja tu mazout ya groupe, ile mashini ya kutoa umeme, bila taa habawezi kupasula. Ule dada ya bwana yake iko inje, anatwanga samaki ya bavuvi Wagenia ya kutia mu supu ya Masika, haniangalie machoni. Mi namusalimia kila mara akipita, makusudi, hee!

Salimia tonton ya mashini ya kusaga, na mama mukubwa mwenye anaimbishaka kanisani, na ambia bwana yako asi...

Infirmier, musaidizi ya docteur, anaita: "Mama ya Masika, acha barua! Mazout imefika, tunamuingiza sasa!"

Masika ameshika kikwembe yenye nimejifunga, haniachilie. Naenda naye mupaka pale batanifukuza.

Mudogo yako,
Kahindo