Tarumbeta Lako Limevaa Ngozi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, na paka wa mama amezaa ndani ya kabati la nguo.

Kuna jambo nilikuficha. Tangu uniachie tarumbeta lako, vidole vilikuwa vinaniwasha na kutoka vipele, viganja vinageuka kijani. Shaba yake haikupakwa chochote cha kuikinga, na jasho langu nayo haviivi chungu kimoja. Niliogopa utasema nilirudishe.

Wiki iliyopita kiongozi wa bendi aliniona najikuna. "Binti, acha kupiga, utajichuna," akasema. Nikarudi nyumbani nalia. Mama akaangua kicheko.

"Mjomba wako naye alikuwa hivyo hivyo. Unadhani aliacha kwa sababu ya kifua?"

Mjomba! Miaka kumi na mmoja unatuimbia kifua!

Nikakimbilia kwa fundi viatu. Alikata ngozi laini, akaifunga kwa kamba pale mikono inaposhika. Kipande cha kupulizia nimenunua cha plastiki. Nikimaliza kupiga, nalifuta tarumbeta kwa kitambaa kikavu, nanawa kwa sabuni. Vipele vimekwisha! Jana nilipiga mpaka majirani wakatoka kucheza uani, mama akiwa mbele yao na mwiko mkononi.

Sasa bendi inatafuta mpigaji wa pili, nami nimeshawapa jina lako. Tarumbeta la pili lipo, na fundi amelivisha ngozi tayari. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa. Usinitajie kifua.

Mpwa wako anayekupenda