Dada, Kilimia Kimevaa Kaniki

Dada Anastazia,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Ulikuwa ukisema herufi zangu zinakimbia kama kuku waliofukuzwa. Safari hii nimeziandika kubwa kubwa makusudi, na sababu yake utaijua.

Tangu tukuzike nimeiezeka upya nyumba ya Itetemia, na Monika wako amerefuka hadi anainama mlangoni. Mji nao umeingiwa na wazimu wa nyota. Mtengeneza saa wa Gongoni kaletewa darubini kutoka Bombay, na kila Ijumaa baada ya isha anaisimamisha nje ya duka lake. Anakuja yeyote: wauza karanga, makarani wa reli, watoto. Huku kwetu mwalimu wa misheni naye ana yake Jumamosi, kwa watu wachache wanaozipenda nyota hasa. Kwake huondoki mpaka uchore ulichokiona.

Monika alitaka twende kwa mwalimu. "Mjomba, si wewe uliyeongoza msafara wa pembe kutoka Ujiji kwa kutazama nyota?"

Ndiye mimi, tena meno ya mbele yalikuwa hayajaota. Njiani simba alinitazama, nikamtazama, akainamisha kichwa yeye. Hata Bwana Shauri wa bomani nimemsimulia, akavua kofia.

Ila Dada, naogopa. Unakumbuka Mama alivyokuwa akitusimamisha uani Kilimia kikianza kupanda, kabla ya mvua, kila mtoto azihesabu nyota zake? Asiyeziona zote hakupewa kulinda mtama. Wewe ulizimaliza kabla mimi sijainua shingo. Halafu mwaka ule ukiwa mtu mzima, ukanishika mkono: "Kasimili, mbona Kilimia leo kimevaa kaniki?" Nikadhani ni moshi wa wanaochoma mashamba. Baada ya mavuno ulikuwa ukipapasa ukuta kwenda jikoni, na homa ilipokuja kukuchukua, ulinitambua kwa sauti tu.

Mwezi huu kimevaa kaniki kwangu, Dada. Na hakuna anayechoma shamba.

Basi nikachagua Gongoni. Penye watu wengi, nani atakuuliza umeona nini? Monika akanuna, akaja. Darubini ilikuwa imeelekezwa Kilimia. Mbele yangu mama muuza vitumbua akainama: "Subhanallah, zinavyong'aa!" Karani naye: "Ah, safi kabisa." Nikaweka jicho.

Giza. Giza la ndani ya chungu. Nikapaza sauti ili wa mwisho kwenye foleni anisikie: "Naziona! Na ya katikati ina mkia!"

Mtengeneza saa akachungulia, kisha akacheka akishika tumbo. "Mkia gani, bwana wee? Nyota zinatembea hizi! Nimesahau kuisogeza darubini. Toka mama wa vitumbua mnatazama patupu!"

Watu wote wakaangua kicheko, na mama wa vitumbua kuwazidi wote. Sasa Gongoni naitwa Mzee Mkia.

Nami nilicheka, maana nilipata pumzi. Kumbe giza lile halikuwa langu peke yangu. Lakini alipoiweka sawa akaniita, "Mzee Mkia, njoo uzione sasa," nikasema Monika ana usingizi. Tukaondoka. Tulipoukaribia mlango wa nyumba, Monika akasema, polepole:

"Mjomba, Mama naye alikuwa anasema anaona."

Dada, simba hakunitetemesha hivyo.

Jumamosi nakwenda kwa mwalimu. Nitaikamata penseli mbele ya Monika. Nikiona nyota nitachora nyota, nikiona kaniki nitaipaka karatasi nzima nyeusi. Halafu Monika atanisindikiza kwa daktari wa macho, wakati njia bado naijua mwenyewe. Sijui daktari atasema nini. Nikifikiria mikono yake kwenye kope zangu natamani kughairi. Lakini nitakwenda. Ahadi zangu unazijua zilivyo. Hii haina simba ndani yake.

Lala salama, Dada yangu. Na kama huko uliko ziko karibu, zipanguse kidogo kwa pindo la kanga yako. Mpaka Jumamosi tu.

Mdogo wako,
Kasimili